Mutheu na Sakafu ya Rangi Mbili

Saa mbili asubuhi, Ruiru. Mutheu amepiga magoti ndani ya ukumbi mpya wa kanisa, tepu ya kupimia mkononi. Ukumbi ni mraba. Anauzunguka ukuta kwa ukuta, midomo ikichezacheza. Msimamizi wake, Githae, yuko mlangoni, anangoja kuambiwa vinunuliwe vigae vya kiasi gani.

Leo akikosea, anarudi kukoroga simiti, na kazi ya vigae aisahau.

"Mama Maluki, pima polepole," Githae anamwambia Mutheu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Usinifanyie kama kwa Wangechi."

Maneno yanauma, lakini ni kweli. Mutheu alijifunzia kazi kwenye vyumba vya kupangisha mjini Thika, vyote mita nne kwa nne. Ukizunguka kuta unapata mita kumi na sita. Sakafu nayo ni mita mraba kumi na sita. Akaona basi, mzingo na eneo ni kitu kimoja. Wee! Angejuaje, na kila chumba kilimkubalia?

Ndipo Wangechi, mjane anayeishi mtaa wa Kamenu, akamwita aweke vigae sebuleni, sita kwa sita. Mutheu akazunguka, akapata ishirini na nne, akaagiza vya ishirini na nne. Sakafu ilitaka thelathini na sita! Kurudi dukani, rangi ile imeisha. Theluthi ya sebule ikamaliziwa kwa rangi nyingine, na kazi zikamkauka.

"Nililia, aki. Nilijiona mwizi," asema.

Mumewe Makau, mlinzi wa kiwanda, ndiye aliyemchorea miraba kwa chaki sakafuni kwao Kiandutu. Gawa mzingo kwa nne upate upande. Upande mara upande ndio eneo.

"Kumbe nilikuwa napima ukingo, katikati naiacha," anacheka.

Sasa, ukumbini, tepu imefika ukuta wa mwisho. "Mzingo arobaini. Upande kumi. Kumi mara kumi..." Anarudia kwa vidole. "Mita mraba mia, bosi. Na za ziada juu yake, kwa vigae vitakavyokatika."

Githae anapiga simu dukani. "Mia," anasema.

Malipo ya ukumbi huu Mutheu ameshayapangia: atarudi Kamenu, ang'oe sakafu yote, aiweke upya. Wangechi hajamwomba.

"Nilipita kwake juzi nikakuta ametandika zulia juu ya ile rangi nyingine," asema, sauti ikimshuka. "Nikadhani anaificha wageni wasiione. Kumbe wapi! Akaniambia, 'Ni kwa ajili yako, mwanangu. Sitaki uone aibu ukija kunisalimia.'"

Anapangusa macho kwa kiwiko, mikono imejaa vumbi.

"Nataka alitoe hilo zulia mwenyewe."