Bwana Harusi na Mawe Yaliyosuguliwa

Hebu mwone anavyoingia wodini: mama wa makamo, dekio begani kama mkuki, ndoo mkononi, na macho yanayotafuta uchafu hata pale usipokuwepo. Ndiye msafishaji wa chumba cha upasuaji. Wauguzi humwita Bibi Dawa, na hutania kwamba vijidudu vikisikia hatua zake huanza kuagana. Naye hucheka, maana utani ule ni sifa, na sifa nyingine hana.

Kwenye kitanda cha dirishani amelala kaka yake, fundi saa. Hana mke, hana mtoto. Ana samaki.

Usicheke. Ni samaki wa bahari, anayeishi sebuleni ndani ya tangi la kioo. Mdogo kama kidole gumba, mwili wa buluu uliochorwa mistari ya rangi ya chungwa, na mapezi ya chini ameyafanya miguu: hutembea juu ya mawe polepole kama mtu aliyedondosha kifungo. Kwa mavazi hayo fundi akamwita Bwana Harusi.

Siku ya kulazwa alimshika dada yake mkono. "Mdogo wangu, mimi nina madaktari. Yule hana mtu. Washa taa, ongeza maji, basi."

"Na chakula?"

"Anajitafutia mwenyewe."

Bibi Dawa akajua hiyo ni homa inasema.

Alipofungua nyumba ya kaka yake, aibu ilimshika. Mawe ya tangini yameota ukijani na utelezi! Yaani kaka mgonjwa, na mwanawe analala jalalani? Akayatoa yote, akayasugua kwa brashi, akayamwagia maji ya moto, akayaanika. Alipoyarudisha, jirani alichungulia akasema, "Shoga, humo hata mimi naingia kuoga!"

Bwana Harusi akaanza kukonda. Bibi Dawa akamnyunyizia chakula cha kopo. Samaki akakipita kama tajiri anavyompita ombaomba. Tumbo likaingia ndani. Bibi Dawa akakimbilia kwa muuza samaki wa mapambo.

"Mama, mawe umeyafanya nini?"

"Nimeyaosha."

"Kwa maji ya bahari?"

"Ya moto. Na brashi."

Muuzaji akashika kichwa. "Lo, mama yangu! Yule hali cha kopo. Anadonoa vidudu hai, vidogo kama vumbi, vinavyoishi kwenye mawe. Ule uchafu ndio ulikuwa shamba lake."

"Basi niuzie vidudu."

"Sina. Vinaota vyenyewe, kwa miezi."

"Niuzie samaki mwingine, afanane naye."

"Yule nilimpata kwa bahati. Sijaona mwingine hadi leo."

Akarudi nyumbani kwa kaka yake. Mkono uleule unaosifiwa ndio umemnyima samaki riziki, na maji yakimwagika hayazoleki. Kila jioni akawa anakaa mbele ya kioo, anamtazama akitembea juu ya mawe meupe, akidonoa pasipo kitu.

Na kila siku wodini swali ni lile lile.

"Bwana Harusi hajambo?"

"Hajambo."

"Anatembea?"

"Anatembea, anakusalimia." Hapo kaka hucheka mpaka kikohozi kimkamate.

Leo asubuhi amemkuta samaki amelala ubavu, amekufa. Alimtoa kwa kijiko cha chai, akamfunga kwenye kitambaa safi, akaja kazini. Hakulia. Atalia saa ngapi, na sakafu inamsubiri?

Kisha daktari akamwita kando, ukumbini. Dawa zimefika mwisho wake, akasema. Mpeleke nyumbani, akapumzike kwake. Maneno ya namna hiyo hayahitaji mkalimani.

Anamkuta kaka ameketi, shati limefungwa vifungo kombo, uso umekunjuka kama haujawahi kuumwa. Kiti cha magurudumu kipo mlangoni.

"Wameniruhusu, mdogo wangu! Kitanda nitandikie sebuleni, mbele ya kioo. Nimwone mwanangu, sitaki kingine duniani."

Bibi Dawa anainama, anaanza kufungua vifungo na kuvifunga upya, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Mbona kimya? Au umemdekeza mpaka kanisahau?"

Vifungo vinakaribia kwisha, na nyumbani si mbali. Nakuuliza wewe uliyenisikiliza: ungekuwa wewe, ungemwambia hapa hapa, au ungesukuma kile kiti akajionee mwenyewe?