Kofia ya Mariamu

Wanga wa muhogo ukichemka mahali popote, narudi uani kwa shangazi Zuhura, nyuma ya msikiti, hapa Gisenyi, ambako kofia za mkono zilitiwa wanga huo na kukaushwa juu ya sufuria zilizofudikizwa. Idi ikikaribia tulijaa mkekani, sisi wasichana, tukitoboa vitundu na kuvizungushia uzi mpaka vidole vikaota sugu. Shangazi hakuwa na huruma hata chembe. Kila kofia aliigeuza ndani nje, na akikuta fundo moja tu, aliikata kwa wembe mbele ya wote. Kwake, kofia ya kuswalia iwe safi ndani kama nje. Ncha ya uzi ilifichwa, haikufungwa.

Mwaka ule aliletwa Mariamu kutoka Goma, binti wa marehemu mama mdogo, rika langu. Shangazi, ambaye sote tuliishi kwake, alitoa neno lake: akishona kofia ikapita, atabaki kwetu asome, isipopita, arudi kwa baba yake wa kambo akabebe mizigo mpakani. Mariamu alikuwa na mkono mwepesi kunishinda, na mama alianza kumsifia mezani. Nilimchukia, sifichi. Siku ya ukaguzi, alipokwenda kuswali alasiri, niliichukua kofia yake nikafunga fundo dogo chini ya ua la mwisho.

Shangazi alilikuta. "Na hii ni nini?"

"Mi sikufunga, shangazi."

Wembe ulipita. Vipande viwili viliangukia mapajani mwa Mariamu, wasichana wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kesho yake alivuka mpaka na mfuko wake wa nguo.

Shangazi alishafariki, na kofia siku hizi ni za mashine. Majuzi nilikwenda sokoni kumtafutia mwanangu moja, na mwanamke aliyekuwa amefungua furushi lake chini alikuwa Mariamu. Alinisalimu vizuri, tukaulizana watoto. Kisha akaigeuza kofia niliyoichagua ndani nje, akanionyesha mafundo yalivyojaa.

"Sasa hakuna mutu anaangalia," alisema. Akaniwekea mkononi. "Yangu haikukuwa na fundo, dada. Niliangalia mbele ya kwenda kusali."

Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani sana, nikalipa, nikaondoka. Mwanangu huivaa kila Ijumaa. Mimi ndiye ninayeifua, na sijawahi kuigeuza.