Tuta la Mung'unye Ukutani

Nilipokuwa mtoto, bustani ya mboga nyuma ya nyumba yetu, hapa Al Khuwair, ilikuwa na mlango wa mbao, na mlango ule ulikuwa na swali. Kila mwanamke aliyetaka kuingia kuchuma aliulizwa na Bibi, mama yake baba, aliyekaa njiani kwenye kiti chake cha plastiki: "Leo unasali?" Asiyesali, yaani aliye katika siku zake, alisimama nje, akataja anachokitaka, akachumiwa. Bibi alivuka bahari na imani hiyo kutoka Unguja pamoja na mbegu zake. Mwanamke mwenye udhuru akipita kwenye mung'unye, boga au tango, tunda changa linaungua kwa ndani na kuanguka.

Wanaume hawakuulizwa kitu.

"Unauliza kama askari wa uwanja wa ndege," Mama alimtania siku moja, kapu mkononi.

"Na wewe unajibu kama mwenye magendo. Nambie, unasali au husali?"

Walicheka wote wawili. Na mimi nilicheka. Zamu yangu ilikuwa haijafika.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili Bibi alinipa tuta langu mwenyewe, lile la ukutani, chini ya bomba linaloteremka kutoka kwenye tangi la maji la juu ya nyumba. Joto lilipopungua nikapanda mung'unye. Niliufunga mche kwa vitambaa vya kanga kuukuu, nao ukapanda ukuta kana kwamba umetumwa. Shule zilipofungwa, mamung'unye yalikuwa yameshafika urefu wa kiganja changu, na vinyweleo vyake laini. Bibi aliahidi kwamba la kwanza litapikwa kwa nazi Ijumaa, siku ambayo ukoo mzima huja kula kwetu. "Nitawaambia wote, hili la Rahma." Katika nyumba ile hapakuwa na kitu kilichowahi kuitwa cha Rahma, kwa hiyo niliingojea Ijumaa ile kuliko nilivyowahi kuingojea sikukuu yoyote.

Wiki hiyo hiyo nikavunja ungo. Bibi alifurahi kweli, sitamdhulumu katika hilo. Alinibusu kipajini, akanifukiza udi, akanipa doti ya kanga. Asubuhi yake nikaenda mlangoni na ndoo yangu.

"Leo unasali?"

Nilidhani ananitania. "Bibi, si umenipa kanga jana!"

"Basi simama hapo hapo."

"Na mamung'unye yangu nani atayamwagilia?"

"Ami yako."

Ami Saidi, mdogo wake baba, alikuwa hajawahi kumwagilia hata kikombe. Nikiwa pale mlangoni nikaona kitambaa kimoja kimefunguka, tawi linaning'inia na tunda lake, linakaribia kukatika. Nikaweka ndoo chini, nikapita mbele ya macho ya Bibi, nikapita kwenye matango, kanga yangu ikiyagusa, nikalifunga tawi langu, nikarudi.

"Utaona," alisema Bibi. Hakupandisha sauti. "Mwenyewe utaona."

Na nikaona. Majani yalianza kuwa meupe pembeni, matunda yakapiga manjano, yakaanguka. Ijumaa niliyoahidiwa ilipofika, Bibi aliyakusanya kwenye sinia, akaliweka katikati ya mkeka mbele ya shangazi zangu wote.

"Haya," alisema. "Nani alosema mimi mshamba?"

Shangazi zangu walilitazama sinia, kisha wakanitazama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na siri ya mwili wangu imewekwa hadharani pamoja na chakula.

Sasa sikilizeni hoja yangu, maana siku ile hakuna aliyeisikiliza. Baada ya mimi kulifunga lile tawi, na kabla jani lolote halijabadilika, Ami alikuwa ameliosha tangi kwa klorini, akafungua bomba, maji yote ya dawa yakashuka kwenye tuta langu. Harufu iliwasha pua. Udongo ulibaki na ukoko mweupe. Na yale matango niliyoyagusa kwa kanga yangu? Yalizaa mpaka tukayachoka. Niliyasema haya yote nikiwa nimesimama, sinia miguuni pangu. Ulikuwa mjadala wangu wa kwanza, na nilishindwa kwa sentensi moja.

"Usimsingizie ami yako," alisema Bibi.

Ami alikuwa anamenya chungwa. Hakuinua uso.

Mama akanivutia jikoni. "Nyamaza, mwanangu. Tangi lazima lioshwe."

"Kwani mimi nimesema lisioshwe?"

"Nyamaza."

Tuta likapandwa mchicha, nami sikuulizwa.

Siku hizi niko chuo kikuu, na kwenye midahalo wenzangu wananiogopa kidogo. Wanasema nina hasira. Ninayo. Msimu huu bustani imeniangukia mimi. Bibi miguu imekataa, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Ami kahamia mtaa wa Qurum, anapanda majani ya kutazama tu. Bamia zinakwenda vizuri. Nyanya zimepasuka kwa pupa yangu ya maji. Bilingani limevamiwa na wadudu weupe, kila jioni nalipulizia maji ya sabuni na kila asubuhi nawakuta wananisubiri. Ukutani nimepanda mung'unye, lakini kwanza nilimwita fundi akalihamisha lile bomba.

Mwezi uliopita Ami alikuja na binti yake, Salma, mwenye umri niliokuwa nao mimi siku zile. Mtoto akakimbilia bustanini. Bibi, kutoka kwenye kiti chake, akauliza vile vile: "Leo unasali?" Salma akainamisha kichwa, akachora mchanga kwa kidole cha mguu. Niliujua mchoro ule; hakuwa akisali.

"Pita, Salma," nikasema.

"Yataungua," akasema Bibi.

"Na yaungue."

Akapita. Nilimchagulia tuta la ukutani makusudi, akashika kila tunda kwa mikono miwili. Hakuna lililoungua. Juzi nilichuma la kwanza, nikalipika kwa nazi, nikaliponda liwe laini kwa sababu Bibi hana meno. Alikula akamaliza.

"Hili la Salma," nikamwambia. "Unaona halikuungua?"

"Bahati yenu."

Tuta moja lililokauka lilitosha kuwa ushahidi dhidi yangu utoto wangu wote. Msimu mzima wa kijani ni bahati.

"Na yale yangu, Bibi? Siku ile hukusikia harufu ya dawa?"

Alipangusa sahani kwa kidole. "Pua nnayo," akasema. "Nlisikia kama ulivosikia wewe."

"Sasa kwa nini?"

"We ulikuwa mtoto, ungesahau. Yeye mtu mzima, ningemwaibisha mbele ya watu asingesahau." Akanisogezea sahani. "Niongeze kidogo."

Nikamwongezea. Miaka yote nilidhani napigana na imani ya Unguja, kumbe ilikuwa hesabu ya nani atameza aibu bila kelele. Ningependa kusema nimemsamehe. Kitabu kizuri kingemalizikia hapo.

Leo asubuhi nimeung'oa ule mlango wa mbao. Bibi nilipomsukuma nje akatazama, akashangaa.

"Mlango umekwenda wapi?"

"Umeungua, Bibi," nikamwambia. "Kwa ndani."