Mteja wa Saa Tisa

Mkata tiketi wa ukumbi wa sinema alikuwa na miaka arobaini na moja, na hakuna mwanamume aliyewahi kumsubiri popote. Ukumbi wao ulionyesha filamu za zamani za upelelezi: mwanamke mrembo, bastola ndani ya mkoba, mapenzi ambayo hujui yataishia kwenye ndoa au kaburini. Alizitazama mpaka akawa anajua nani atakufa kabla mwenyewe hajajua.

Ndipo akaja mteja wa saa tisa. Mpole, viatu vinang'aa. Kila alasiri alikaa safu ya mwisho, na filamu ikiisha alisimama kwenye dirisha la tiketi kupiga soga.

"Yule dada amemficha muuaji," alisema siku moja. "Ungekuwa wewe?"

"Kama ni mtu wangu, ningemficha."

Mteja akacheka, akamnunulia soda. Baada ya miezi mitatu akamposa.

Mama yake mkata tiketi, mgonjwa wa moyo, alimwonya binti yake jambo moja tu: "Habari za kaka yako zisitoke humu ndani." Kaka alikuwa amemuua mlinzi kwa kisu mwaka uliotangulia, akatoroka. Lakini mkata tiketi hakutaka kuanza ndoa kwa uongo. Akamweleza mchumba wake yote, hata kwamba Jumapili kaka angepita kumjulia mama hali.

Jumapili hodi ikabishwa mlangoni. Alipochungulia na kumwona mchumba, alitengeneza nywele kwanza, ndipo akafungua. Nyuma yake walisimama polisi wanne. Kaka aliruka dirishani, ghorofa ya tatu. Hakuinuka tena.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikwenda kituo cha polisi, akamkuta mchumba wake anajaza fomu.

"Niambie kitu kimoja tu. Hata siku moja hukunipenda?"

"Dada, mimi nilikuwa kazini." Akamsogezea karatasi bila kuinua macho. "Tia sahihi hapa. Ni maelezo yako kuhusu marehemu."

Akatia.

Nyumbani alimkuta mama anakoroga uji, mkono mmoja umeshika ukuta asianguke.

"Lete mwiko nikusaidie, mama."

"Umeshanisaidia vya kutosha."

Mama aliishi miaka sita zaidi. Hakula tena kitu chochote kilichopita mikononi mwa binti yake.