Kumpeleka Yosefu wa Jakaranda Genoa

Mti wa jakaranda uliokuwa nyuma ya kanisa letu Mitaboni ulianguka katika mvua ya Aprili. Haukuumiza mtu. Watu wengi walibatizwa wakati mti huo umesimama pale, kwa hiyo hakuna aliyetaka upasuliwe kuni. Mama Ndinda, mwenyekiti wa baraza la parokia, alisema shina lichongwe Mtakatifu Yosefu, na sanamu hiyo ipelekwe zawadi kwa parokia moja ya Genoa, mji wa bandari kule Italia. Parokia hiyo imekuwa rafiki yetu tangu kabla sijazaliwa.

Kazi ya kuchonga nilipewa mimi. Nilimaliza darasa la nane, na tangu hapo nafanya kazi na mjomba wangu aliyejifunza uchongaji Wamunyu. Sisi huchonga mti ukiwa mbichi kwa sababu tezo inaingia vizuri. Kazi ikiisha tunaifunika kwa gunia na maranda, halafu tunaiweka kwenye uchaga juu ya moto wa jikoni, moshi uikaushe polepole. Mjomba alisema sanamu kubwa kama ile ikae moshini mwaka mzima. Lakini baraza lilichelewa kuamua, ikakaa wiki sita tu. Safari ilipangwa Novemba na tiketi zilikuwa zimenunuliwa.

Tuliosafiri tulikuwa watatu: Mama Ndinda, Musyoka wa kwaya, na mimi. Mimi nilipelekwa ili Jumapili ya kukabidhi sanamu niseme maneno machache kuhusu jinsi ilivyochongwa. Jambo hilo lilinitia hofu kuliko ndege. Mimi hata dukani hununua kwa kuonyesha kidole.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimemaliza kupanda mahindi na maharagwe, na mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Pikapu ya parokia ilitupitisha Katelembo, kisha Athi River saa ambayo wafanyakazi wa viwanda vya EPZ walikuwa wanaingia kazini, mstari mrefu wa watu wenye vikombe vya uji mkononi. Yosefu alikuwa kwenye begi langu, amefungwa blanketi. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka bega hadi vidole.

"Kyalo," Musyoka aliniambia, "wewe jina lako maana yake ni safari, na hujawahi kufika hata Mombasa. Leo ndio jina linaanza kazi."

Mama Ndinda alimjibu kwa niaba yangu. "Na wewe jina lako, anayerudi, halijaanza kazi yoyote."

Safari ya ndege sitaieleza sana. Tulibadilisha ndege mara moja, tukala mara tatu, na muda mwingi dirishani kulikuwa na mawingu tu. Tuliposhuka Italia tulipokelewa na Padre Ettore, mzee mwembamba aliyewahi kukaa Machakos miaka mingi. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kikamba zaidi kuliko changu. Alipomwona Mama Ndinda alisema, "Aiya! Mwaitu, bado uko na nguvu," na Mama Ndinda akacheka mpaka akafuta macho. Sisi Wakamba humwita mama mwaitu, na Padre hakuwa amesahau.

Tuliingia Genoa jioni, baada ya kupita mahandaki mengi ya barabara yaliyotobolewa ndani ya milima. Mji umebanwa kati ya mlima na bahari. Nyumba zimepandana kama ngazi, na juu yake kuna mashamba ya matuta yaliyozuiwa kwa mawe. Musyoka alisema hayo matuta ni ya Kathiani kwetu, yamehamia huku. Nililazwa kwa mama mmoja mjane anayeitwa Piera. Hakujua lugha yangu wala mimi yake, na kwangu hiyo ilikuwa nafuu. Alinionyesha kitanda, akanionyesha chuma kilichofungwa ukutani, akauweka mkono wangu juu yake nione kilivyo na joto. Maji moto hupita ndani ya chuma hicho na kupasha chumba.

Niliona ni kama jiko lisilo na moshi. Nilimtoa Yosefu kwenye blanketi, nikampapasa mgongo. Alikuwa na ubaridi ule wa mti ambao haujakauka. Nikamlaza juu ya chuma kile kama ambavyo ningemlaza kwenye uchaga wa mama, nikalala.

Ijumaa asubuhi Yosefu alikuwa amepasuka. Ufa ulianzia bega la kushoto ukashuka hadi kwenye goti, na kucha yangu iliingia ndani. Nilikaa kitandani nikiutazama. Mama Piera aliniita chai, nikamfunga Yosefu haraka kwenye blanketi, nikamtia begini. Mezani kulikuwa na mkate bapa wenye mafuta na chumvi ambao watu wa huko huuchovya kwenye kahawa ya maziwa. Nilikula bila kuonja.

Nilikuwa na njia moja kichwani. Wachongaji wa kuuzia watalii huziba ufa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, kisha hupaka polishi ya viatu juu. Mnunuzi hutambua akiwa ameshafika kwao. Nilihitaji gundi na polishi kabla ya Jumapili. Siku hiyo tulikuwa na matembezi ya kuonyeshwa mji, nikaamua kubeba begi pamoja na kisu changu, ili nikiona duka niingie.

Saa tatu tulikutana bandarini na mwongozaji wetu, dada anayeitwa Marta. Yeye alieleza kwa Kiitaliano na Padre akatafsiri. Bandari ya zamani sasa ni mahali pa kutembea. Meli kubwa hutia nanga mbali zaidi, na upande ule kuna mnara mrefu wa taa ya kuongoza meli. Marta alisema watu wa mji huo walikuwa matajiri kwa sababu ya bahari, lakini waliiogopa, ndiyo maana kila kona ya mtaa waliweka sanamu ya Mama Maria.

"Hilo begi umebeba nini?" Musyoka aliniuliza. "Unahama?"

"Nguo."

"Nguo za kutembea nazo?"

"Mwache," Mama Ndinda alisema. "Pengine amebeba ugali. Akiona njaa, mtamfuata nyinyi nyote."

Kutoka bandarini tulipita chini ya matao marefu ya mawe, ambako wanauza samaki wa kukaanga kwenye karatasi. Kisha tukaingia vichochoro. Sijawahi kuona njia nyembamba vile kati ya nyumba ndefu vile. Nilinyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Nguo zimeanikwa juu, na jua linafika chini kwa dakika chache tu kwa siku. Marta alituonyesha milango yenye mawe meusi yaliyochongwa juu yake, mingine ina mtakatifu anayeua joka. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko wenzangu. Aliyechonga hakuwa na haraka. Kila gamba la joka lilikuwa peke yake.

Katika kichochoro kimoja niliona duka lenye polishi dirishani. Nilirudi nyuma, nikasimama mlangoni. Muuzaji alisema kitu. Nilionyesha kidole. Alileta nyeusi, nikatikisa kichwa. Alileta kahawia, na kabla sijatoa pesa Padre Ettore alinishika bega.

"Kyalo, tutakupoteza. Viatu vyako ni vya mpira, polishi ni ya nini?"

Nilisema si kitu, nikamfuata. Polishi ilibaki kwenye kaunta.

Adhuhuri tulifika kanisa kuu, ambalo kuta zake ni mistari ya mawe meusi na meupe, na mlangoni kuna simba wawili wa mawe. Musyoka alipiga picha na kila simba. Mimi nilikaa kwenye ngazi, begi magotini. Mama Ndinda alikuja akakaa karibu yangu, akavua kiatu kimoja.

"Umenyamaza leo kuliko kunyamaza kwako," alisema.

"Nimechoka, mwaitu."

"Jumapili usiogope. Sema mti ulianguka, sema ulichonga, kaa chini. Wale wazee nyumbani wananiuliza tangu jana kama amefika salama. Hawaulizi juu yangu. Wanamuulizia Yosefu."

Aliondoka, na begi lilikuwa zito zaidi ya asubuhi.

Mahali pa mwisho palikuwa kanisa dogo karibu na bandari, ambalo nje lilionekana kama ghala. Ndani kulikuwa na sanamu ya Mama Maria ya mbao, rangi zimefifia. Marta alisema zamani ilisimama mbele ya meli, ikipigwa na maji ya chumvi na jua. Meli ilipozeeka, mabaharia waliishusha wakaileta pale.

Nilisogea. Kutoka shingoni hadi kiunoni sanamu ile ilikuwa na ufa, mrefu kuliko wa Yosefu. Haukuzibwa. Ulikuwa umekamatwa na vipande vitatu vya mti mweusi zaidi, kila kipande kimechongwa kama kipepeo, upana pande zote mbili na kiuno katikati. Bawa moja lilikuwa upande huu wa ufa, jingine upande ule, na kiuno kilikuwa juu ya ufa wenyewe. Kwa namna hiyo pande mbili haziwezi kuachana. Nilielewa mara moja, kama mtu anavyoelewa fundo akiliona. Marta alikuwa ameshageuka kwenda mlangoni.

"Padre," nilisema.

Sauti yangu ilisikika kanisa zima. Wote waligeuka.

"Muulize ni nani aliweka hivi vipepeo. Na kama bado kuna mtu anajua."

Padre aliuliza. Marta alitazama sanamu, akanitazama mimi kwa mara ya kwanza siku ile, akajibu maneno mengi.

"Anasema waliotengeneza walikufa zamani. Lakini baba yake hutengeneza mashua za mbao, hufanya hivyo hivyo. Karakana yake iko hapa chini. Anauliza kwa nini unataka kujua."

Nilifungua begi. Nilimlaza Yosefu kwenye benchi na kuondoa blanketi.

Mama Ndinda alipitisha kidole kwenye ufa kutoka juu hadi chini.

"Hii ni tangu lini?"

"Asubuhi. Nilimlaza juu ya kile chuma cha moto. Nilidhani ni kama uchaga."

"Na umetembea naye mji mzima, mimi nikikaa karibu yako?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ungeninyamazia mpaka Jumapili?"

"Ningepaka polishi."

Alimfunga Yosefu kwenye blanketi, akanirudishia. "Basi nenda utengeneze," alisema. "Na Jumapili utasema yote. Na chuma utasema. Mimi sitakusaidia hata neno."

Alasiri tulikuwa kwenye karakana ya babake Marta, mzee mnene mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimnusa Yosefu mgongoni, akacheka. Padre alitafsiri: "Anasema mti huu bado unakunywa maji." Kisha mzee alisema tusijaze ufa, kwa sababu mti haujamaliza kutembea. Ukijazwa, utapasuka mahali pengine. Ushikwe tu, uachwe upumue. Alinipa kipande cha mzeituni, mti wa milima ya kwao, mgumu na wenye mistari ya kahawia.

Alinionyesha meza ya kufanyia kazi. Mimi nilikaa chini, nikanyoosha miguu, nikambana Yosefu kati ya nyayo kama tunavyofanya kwetu, nikatoa kisu. Mzee alisimama akitazama. Baada ya muda alivuta kigoda akakaa karibu, akawa ananishikia mguu wa Yosefu usizunguke. Kipepeo cha kwanza kilikuwa kilegevu, akakitupa. Cha pili alikipiga kwa nyundo ndogo, kikaingia, hakitoki. Tuliweka viwili, kimoja begani na kimoja juu ya goti. Hatukuzungumza, na mimi sikuona kama kuna kitu kimekosekana.

Jumapili kanisa lilijaa nusu. Padre aliniita. Nilisema mti wetu ulianguka, nikauchonga ukiwa mbichi, nikausafirisha kabla haujakauka kwa sababu ya haraka, nikauweka kwenye moto wa Mama Piera, ukapasuka, nikataka kuwaficha. Nilisema mzee wa hapa alinipa mzeituni wa kuushika. Padre alitafsiri. Mama Piera aliinuka kwenye benchi akasema kitu kwa sauti, watu wakacheka, na Padre akaniambia anasema chuma hicho kimemharibia hata keki. Baadaye watu walipita mmoja mmoja. Wengi hawakugusa uso wa Yosefu. Waligusa vipepeo.

Nilirudi Mitaboni baada ya siku tisa. Mahindi yalikuwa yamechipuka na magugu pia. Nilikwenda kwa mjomba kabla ya kuanza palizi, nikamweleza yote. Alichouliza ni kimoja tu: kipepeo kina unene gani. Nilimchorea kwa kijiti kwenye udongo. Sasa tunavitengeneza kwa mpingo, na kazi yenye ufa tunamwonyesha mnunuzi ufa uko wapi.

Katika safari hiyo nilijifunza kwamba moto wa watu wengine si moto wetu, hata kama joto ni moja. Nilijifunza pia kwamba kitu kilichonilemea siku nzima kilihitaji sentensi mbili tu.

Kipande kilichobaki cha jakaranda kiko kwenye uchaga wa mama. Juzi Mama Ndinda alikuja nyumbani. Askofu atatembelea parokia Pasaka, alisema, na wanataka Yosefu wa pili.

"Bado," nilimwambia.

"Bado ni nini? Mimi ndiye mwenyekiti."

"Mti haujakauka, mwaitu. Pasaka hautakuwa umekauka."

Aliangalia juu ya moto, akaangalia uso wangu. Nilidhani angenikemea. Alivuta kigoda, akakaa, akamwomba mama chai.