Mwanya Chini ya Mabati

Sina subira na watu wanaosema makaa yakishashika hayana madhara. Mama mkwe wangu alisema hivyo, na nusura tumzike mtoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Kimulot, ambako baridi ya Julai huteremka kutoka msituni ikaingia hadi mifupani. Tulikuwa tumehama nyumba ya nyasi tukaingia ya mabati, na kila mgeni alitupongeza. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, mama mkwe alikuja kunitunza. Alitazama juu, akaona mwanya kati ya ukuta na mabati, akatikisa kichwa.

"Hii nyumba iko na mdomo wazi," alisema.

Akakanda udongo na samadi, akauziba mwanya wote kwa mikono yake, akaulainisha vizuri. Dirishani akatundika gunia. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Mchana mmoja ikanyesha mvua ya mawe. Mama mkwe aliwasha jiko la makaa barazani, akangoja moshi uishe, kisha akalileta karibu na kitanda na kufunga mlango. Kando ya jiko akaweka katoni ya vifaranga ili wasife kwa baridi. Yeye akaketi kusafisha kibuyu cha maziwa. Mawe yalipiga mabati hata hatukuweza kusemezana.

Kichwa kikaanza kunigonga. Nilidhani ni uchovu wa uzazi. Nilipojaribu kumnyonyesha mtoto, aliliachia titi na shingo yake ikalegea mkononi mwangu. Nikamwita mama mkwe kama tulivyomwita wote, Kogo, yaani bibi. Alinijibu polepole, kwa ulimi mzito. Mvua ilipopungua ndipo nikagundua kwamba vifaranga hawalii. Nikachungulia kwenye katoni. Wote walikuwa wamelala ubavu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikashuka kitandani, miguu haina nguvu, mtoto kifuani. Mama mkwe akainuka akiyumba, akanizibia njia.

"Unapeleka mtoto wapi na hii baridi? Unataka kumuua?"

"Kogo, toka hapo!"

Kwetu mama mkwe hasukumwi. Nilimsukuma kwa bega, nikaufungua mlango, nikamvuta naye kwa leso yake hadi nje. Mtoto alikuwa kimya. Nikamsugua mgongo, nikamwita, nikamwita tena, huku mvua ikimdondokea usoni. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti matopeni, akisali. Kisha mtoto akakunja uso, akalia. Mimi nikalia zaidi yake.

Tulipomfikisha mtoto zahanati, nesi alitueleza kwamba makaa yanayowaka hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Nyumba ya nyasi ilikuwa na upenyo kila mahali; yetu tulikuwa tumeifunga kama chungu.

Njiani kurudi mama mkwe alitangulia mbele, nami nilijua nitaitwa mbele ya wazee kwa kumsukuma. Tulipofika, akachukua jembe, akapanda juu ya kigoda, akaanza kuubomoa ule udongo wake.

"Kaa hapo mlangoni," aliniambia. "Shika mtoto vizuri, nione akipumua."

Kila bonge lilipoanguka, aligeuka kutazama.