Mama Danieli na Ndege Zinazopita

Mwaka ule wa vita ya Kagera, vuli ilipoanza, Esta Mama Danieli alikuwa hali akashiba, na wala si kwamba chakula kilikosekana. Shamba lake pale juu ya Mlalo lilikuwa na kabichi za kumwaga. Kilichomkaba koo ni mume. Sefania, mtu mpole, mtu wa kanisani na shambani, sasa alikuwa akiondoka kila alfajiri kwenda bwawani kuhesabu ndege, na huko hakuwa peke yake. Alikuwa na Raheli.

Tueleze vizuri, tusije tukamsingizia mtu. Mzungu mmoja wa mambo ya ndege alipita kijijini, akasema kuna ndege wanaokimbia baridi huko Ulaya na kupita juu ya Usambara kila mwaka, naye anataka kujua ni wangapi. Kijiji kikamteua Sefania kwa ukali wa macho yake, ahesabu kozi na vipanga wanaopita juu. Kikamteua na Raheli, ambaye mumewe alikuwa Tanga kwenye mkonge, kwa kuwa ana masikio. Yeye ahesabu wale wadogo wanaoimba kwenye matete kando ya maji. Mzungu akaacha darubini. Moja! Watu wawili, darubini moja, mkanda mmoja wa kuvaa shingoni.

Ni huo mkanda uliomtia Esta wazimu. Siku aliyopeleka uji bwawani alimkuta Sefania anaivua darubini shingoni mwake na kumvika Raheli, hata haangalii anamvika nani, macho yako mawinguni. Mfuko wa shati lake umejaa maharage. Kila kozi wakitimia kumi, anahamisha punje moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Na maharage yenyewe aliyachambua nani? Esta, kwa mikono yake, akidhani ni ya mbegu.

"Baba Danieli, uji huu."

"Shh!" akajibu Sefania.

Shh! Mke wa ndoa, wa pete, ananyamazishwa kama kuku aliyeingia jikoni! Raheli akatabasamu, "Karibu, dada," na tabasamu lile likamchoma Esta kuliko ile shh. Akautua uji chini, akapanda mlima huku akimtukana Raheli kimoyomoyo, kuanzia kisigino hadi kilemba.

Angekwenda kwa mchungaji, lakini mchungaji angemwambia waombe pamoja. Esta hakutaka maombi, alitaka watu wale wafukuzwe bwawani, mumewe arudi nyumbani. Kesho yake akaenda kwa katibu, Ndugu Rajabu, mtu mzima wa Pangani, kule pwani, aliyeletwa kuongoza kijiji chao. Siku hizo redio ya katibu ilikuwa haizimwi. Adui amevuka mpaka, kila mwananchi awe macho.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba, mama. Sema."

"Kuna watu wawili wako bwawani kila siku. Wanahesabu ndege. Ndege zinatoka kaskazini, zikipita wanaziangalia kwa darubini, wanazihesabu zote, halafu habari inapelekwa kwa mzungu."

Katibu akazima redio.

Sasa hapa ndipo penye kasheshe. Huku mlimani sisi kuku zinataga, mbuzi zinakula, na ndege zinaruka. Kiswahili tumekikuta shuleni, na hiyo zi tunaitumia kwa kila kitu bila kuuliza mtu. Lakini mtu wa Pangani akisikia ndege wanapita, anajua ni wa manyoya. Akisikia zinapita, hizo ni za chuma, zina rubani na mabomu. Na Ndugu Rajabu alikuwa na wiki mbili tu kijijini, ya mzungu na darubini yake hakuhadithiwa na mtu.

"Asante sana, mama," akasema, akiwa tayari amesimama. "Taifa litakukumbuka."

Esta akatoka pale anatembea kwa madaha. Ahaa! Amekomeshwa mtu leo! Alikuwa hajafika hata kwenye kona ya njia alipowaona mgambo wakishuka bwawani mbio, na muda si muda wakarudi na wale wawili, darubini ikiwa imeshikwa mbali na mwili mfano wa nyoka. Wakawatia stoo ya mbolea, wakapiga kufuli.

Stoo moja! Kufuli moja!

Akili yake yote, ujanja wake wote, umemfungia mume chumba kimoja na mwanamke yule! Akarudi kwa katibu bila hata kuamkia.

"Wafungulie!"

"Majasusi nitawafunguliaje, mama? Si wewe mwenyewe uliyesema wanahesabu ndege?"

"Ndege, ndiyo! Zenye mabawa!"

"Zote zina mabawa."

"Zenye manyoya, jamani! Zinakula panzi!"

Katibu akamkazia macho. "Mbona ulisema zinapita?"

"Sasa zisipopita zifanye nini?"

Watu walikwisha kujaa mlangoni, mmoja akaanza kucheka, na wazee wakamweleza katibu habari ya mzungu tangu mwanzo. Ndugu Rajabu akajifuta jasho. Akauliza swali moja tu, taratibu. Kama alijua ni ndege wa porini, mama huyu alikuja kushtaki nini?

Esta akaangalia chini. Angeweza kudanganya, lakini kule stoo dakika zinakwenda.

"Wivu," akasema. "Nilikuwa naona wivu, Ndugu Katibu. Nilitaka mume wangu arudi nyumbani."

Kufuli likafunguliwa. Raheli akatoka wa kwanza, vumbi la mbolea hadi kwenye nyusi, akaja moja kwa moja mbele ya Esta. Esta akajiandaa kupigwa kibao.

"Mchukue mume wako, dada," akasema Raheli. "Mimi huko bwawani sirudi. Tangu tumeanza hajawahi kuniuliza hata watoto wangu wanaendeleaje. Nikifungua mdomo, shh. Hata humo ndani kapanda juu ya magunia, kabandika jicho kwenye tundu la bati, shh." Akakung'uta kanga yake, akaenda zake.

Basi moyo wa Esta ukatua. Kumbe! Kumbe hapakuwa na kitu! Sefania alipojitokeza mlangoni, akipepesa macho kwa mwanga, Esta alimkimbilia mbele za watu wote na kumshika mkono, akasahau hata aibu.

"Baba Danieli, nisamehe. Ni mimi niliyesema."

Sefania hakumkasirikia. Alimwangalia kidogo tu, kisha akautoa mkono wake taratibu ili aukinge juu ya macho, akatazama mbinguni.

"Lile kundi la upande wa Mkomazi sikulimaliza," akasema. "Wewe ulikuwa nje. Walikuwa wangapi?"

Esta akasimama pale, mkono mtupu. Mwanamke mwenzio unaijua nyumba yake, unaweza kumwendea ukamtukana, ukashinda au ukashindwa. Lakini hawa wa juu atawaendea wapi? Akamtafuta Raheli kwa macho, akamwona anaishia bondeni, na moyo wake wote ukasema heri ingekuwa yeye.